Mgonjwa Mmoja, Mikono Mingi

Mazungumzo ya redio, yaliyosomwa na mwalimu wa chuo cha ualimu, Igogo, Mwanza

Leo nataka kusema nanyi habari za kazi ya wauguzi, ambao wengi wetu huwaita manesi. Sitasema habari za dawa wala za sindano, kwa maana hayo si ya mwalimu wa shule. Nitasema jambo moja tu: jinsi wauguzi wafanyavyo kazi pamoja, na hasara impatayo mgonjwa wasipopatana. Huenda mtu akasema, "Hayo yatuhusu nini sisi wakulima na wavuvi na wanafunzi?" Ngoja kidogo, ndugu. Kila mmoja wetu alipokewa na mikono ya watu siku alipozaliwa, na wengi wetu tutalala tena mikononi mwa watu siku ya ugonjwa. Yafaa tujue kama mikono hiyo yapatana.

Hapa Igogo nyumba zetu zimejengwa juu ya majabali na kati ya majabali, na chini yetu ni ziwa. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, ukisimama mlimani waona taa nyingi majini, utadhani mji mwingine umezuka huko. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Katika kila chombo wamo watu wachache, na kila mmoja ana kazi yake: mmoja aangalia taa, wengine wavuta wavu, mwingine apiga kasia, na aliye mdogo kuliko wote hupewa kopo achote maji yaingiayo chomboni. Kazi yake ni ya chini na ujira wake ni mdogo. Lakini fikirini: chombo kikipata ufa, ni nani atakayeuona kwanza? Nahodha hatauona, kwa maana macho yake yako kwenye taa na wavu. Atakayeuona ni yule kijana mwenye kopo, kwa kuwa yeye ndiye ainamaye chini. Basi, kama nahodha amemzoeza kijana huyo kunyamaza, watu wote chomboni watapata habari za ufa wakati maji yamekwisha fika magotini.

Mkumbukeni kijana huyo mwenye kopo, maana nitamrudia.

Miaka minane iliyopita dada yangu mdogo alijifungua katika hospitali moja iliyo kando ya ziwa hili. Sitaitaja, kwa maana sikusudii kumshitaki mtu. Mtoto alizaliwa salama jioni, nasi tukamshukuru Mungu. Usiku ule walikuwa zamu wauguzi watatu. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, aliyeijua kazi yake kuliko watu wengi. Wa pili alikuwa hasemi na mkubwa wake kwa muda wa mwezi mzima, kwa ajili ya ugomvi wa zamu za sikukuu. Wa tatu alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi. Jioni ile msichana aliuliza swali mbele ya wagonjwa, na mkubwa wake akamjibu kwa sauti kuu, "Huko chuoni walikufundisha nini? Usiniletee tena maswali ya kitoto." Watu waliokuwapo wakacheka. Mimi nami nalikuwapo, nikacheka pamoja nao.

Baada ya saa sita ya usiku msichana yule alipita, akaona shuka ya dada yangu imelowa damu. Alijua ya kuwa mama aliyejifungua hutoka damu, lakini hakuwa na hakika kama ile ilikuwa ya kadiri au imezidi. Angemwuliza nani? Mkubwa wake alikuwa katika chumba cha pili, hatua ishirini tu, lakini maneno ya jioni yalikuwa bado masikioni mwake. Akamwendea yule wa pili, akajibiwa, "Nenda kwa mkubwa wako, mimi simo." Basi akabadili shuka, akaenda kwa wagonjwa wengine. Aliporudi, shuka ya pili nayo imelowa. Akaenda akasimama mlangoni pa mkubwa wake, akainua mkono kubisha, asibishe.

Aliyemwokoa dada yangu alikuwa mama mfagizi. Aliingia na ndoo yake, akaona damu imefika sakafuni, akatupa ufagio, akapiga kelele hata jengo zima likaamka. Mkubwa wa zamu alikuja mbio. Mikono yake ilijua la kufanya: akamkanda tumbo ili kizazi kikaze, akaagiza sindano, akamwita daktari, akatuma watu watafute damu ya kumwongezea. Kulipopambazuka dada yangu alikuwa hai. Lakini daktari alituambia wazi ya kuwa muda si mrefu zaidi, tungalikuwa tunachimba kaburi.

Habari hizi nalizipata baadaye, nyingine kwa msichana yule, nyingine kwa mkubwa wake. Mama yule hakujitetea. Aliniambia, "Mwalimu, mikono yangu ilikuwa tayari usiku kucha. Ulimi wangu ndio uliofunga mlango."

Wasikilizaji wangu, yatazameni mambo haya vizuri. Katika hospitali ile elimu ilikuwapo, dawa zilikuwapo, na watu walikuwapo. Wala hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyemtakia dada yangu mabaya. Kilichokosekana ni njia ya kupitishia neno kutoka kwa mtu mmoja hata kwa mwingine. Twasema, "Penye wengi haliharibiki neno." Ni kweli, iwapo wengi hao wasemezana. Wakinyamaziana, neno huharibika mbele ya macho yao wote.

Wala msidhani ya kuwa jambo hili ni la kwetu tu, au ni la siku hizi tu. Mwaka 1854, wakati wa vita vya Krimea, bibi mmoja Mwingereza aitwaye Florence Nightingale alikwenda Scutari, katika nchi ya Uturuki, pamoja na wanawake 38, ili kuwauguza askari. Jina lake lajulikana duniani kote, na siku aliyozaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi kila mwaka. Lakini wanawake wale hawakuwa wa namna moja. Wengine walikuwa watawa wa Kikatoliki, wengine masista wa Kianglikana, na wengine wauguzi wa kulipwa waliotoka hospitalini. Walikuwamo waliogombana kwa ajili ya dini, na waliorudishwa kwao kwa kukosa adabu. Kisha, mwezi wa Desemba mwaka ule ule, likafika kundi la pili likiongozwa na bibi aitwaye Mary Stanley, ambalo Nightingale mwenyewe hakuliomba. Pakawa na uchungu mwingi kati ya mabibi hao wawili, ambao zamani walikuwa marafiki. Basi, ikiwa mabibi hao walipata taabu ya kupatana, na sisi tusione haya kukiri ya kuwa kupatana ni kazi, nayo hufundishwa kama kazi nyingine.

Sasa tutazame ni mambo gani yawagawanyayo wauguzi. Nimeuliza wengi, wakubwa na wadogo, na majibu yao yafanana.

Jambo la kwanza ni dharau. Aliyesoma miaka mingi amdharau aliyesoma michache. Mzee wa kazi amdharau kijana kwa kuwa hajaona mengi, naye kijana amdharau mzee kwa kuwa elimu yake ni ya zamani. Na juu ya hayo, wote pamoja humsahau mfagizi, ambaye huingia kila chumba na kuona kila kitu.

Jambo la pili ni makundi ndani ya kundi. Waliosoma chuo kimoja hukaa pamoja, hula pamoja, na husetiriana makosa. Mji wetu wa Mwanza una watu wa kila kabila: Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wakara na wengine wengi. Kila lugha ni nzuri, nami sina neno na mtu asemaye lugha ya mama yake. Lakini wauguzi wawili wakisemezana kwa lugha yao mbele ya mwenzao asiyeijua, huyo wa tatu atafikiri nini? Atafikiri ya kuwa asemwa yeye. Hata kama walisema habari za mvua tu, tayari ufa umeingia chomboni.

Jambo la tatu ni mgawanyo wa kazi usio wa haki. Kazi ya uuguzi haina usiku wala Jumapili. Kila mwezi lazima mtu fulani akeshe, na kila sikukuu lazima mtu fulani aiache familia yake. Mkubwa akiwapa rafiki zake mchana, na wengine usiku, hapana hotuba itakayoleta amani mahali hapo. Ugomvi wa wale wawili niliowataja ulianza kwa Krismasi moja tu, wala hakuna aliyeutazama ugomvi huo ulipokuwa mdogo.

Sasa dawa yake ni nini? Nitataja mambo manne, na yote ni rahisi kuyasema, ila yataka kufanywa kila siku.

La kwanza ni kupokezana zamu kando ya kitanda. Wanaotoka na wanaoingia watembee pamoja, kitanda kwa kitanda, wala wasipeane habari mlangoni huku mmoja avaa viatu aende zake. Anayetoka aseme jina la mgonjwa, maradhi yake, yaliyofanywa, yaliyobaki, na jambo la kuliogopea usiku huo. Kisha anayepokea ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake. Mtoto akitumwa dukani, mama mwenye busara humwambia, "Hebu rudia nilivyokutuma." Kama twafanya hivyo kwa ajili ya chumvi na mafuta ya taa, tusifanye kwa ajili ya uhai wa mtu?

La pili ni kumpa mdogo nafasi ya kusema. Juu ya jambo hili nina ushahidi ulio mkubwa kuliko maneno yangu. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikishwa wakati wa kumpasua mgonjwa. Orodha hiyo ilijaribiwa tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2007 hata Septemba mwaka 2008, katika hospitali nane za miji minane ya dunia. Miongoni mwa miji hiyo, kama vile London, Toronto na Manila, ulikuwamo mji wa Ifakara, katika nchi yetu ya Tanzania. Watu wote wa chumba cha upasuaji husimama mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Katika kisimamo cha pili kila mtu hutaja jina lake na kazi yake, kuanzia mpasuaji hata muuguzi. Katika kisimamo cha tatu muuguzi hutangaza kwa sauti ya kuwa vyombo, vitambaa na sindano vimehesabiwa na hesabu imetimia.

Je, faida yake ilikuwa nini? Walihesabu wagonjwa 3,733 kabla ya orodha ile kutumika, na wagonjwa 3,955 baada yake. Ukizikusanya hospitali zote nane, zamani katika kila wagonjwa 1,000 walikufa 15, na baadaye wakafa 8. Waliopatwa na madhara makubwa walikuwa 110 katika kila 1,000, wakapungua wakawa 70. Habari hizi zilichapishwa mwezi wa Januari mwaka 2009. Sisemi ya kuwa kutajiana majina peke yake kuliwaponya watu. Orodha ile ilikuwa na mambo mengine pia, kama kumpa mgonjwa kwa wakati wake dawa ya kuzuia usaha. Lakini tazameni hekima yake. Mtu aliyekwisha sikia sauti yake mwenyewe chumbani, akalitaja jina lake na likasikiwa, hataona vigumu kusema mara ya pili, "Ngojeni, kitambaa kimoja kimepungua." Ndiye kijana mwenye kopo, aliyepewa ruhusa ya kusema habari za ufa.

La tatu lamhusu mkubwa wa wauguzi. Wazee wa Usukuma walijua mambo ya uongozi wa kazi. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao wa kulima, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Walikwenda shambani kwa mtu, wakajipanga safu moja, wakalima huku ngoma ikipigwa. Hata leo ngoma ya bugobogobo huchezwa na watu wenye majembe mikononi. Ngoma ile ilifurahisha, lakini pia ilifanya kazi: iliyapatanisha majembe, hata yakainuka na kushuka pamoja. Mkubwa wa wauguzi ndiye mwenye ngoma. Ugomvi ukizuka, asiulaze. Awasikie wote wawili, kila mtu peke yake, kisha awaweke pamoja siku ile ile. Akimkosoa mtu, amkosoe faraghani, na alikosoe tendo lake, wala asiguse wazazi wake, wala kabila lake, wala chuo chake. Akimsifu, amsifu mbele ya wenzake. Daftari la zamu liwe wazi ukutani, kila mtu aone ya kuwa jina la mkubwa mwenyewe nalo lipo katika safu ya usiku.

La nne lamhusu kila mwuguzi, awe mkubwa au mdogo. Asione haya kusema, "Sijui." Asichukue maneno ya mwenzake aliyoyasikia chumba hiki akayapeleka chumba kile. Na akiwa hapatani na mtu, akumbuke ya kuwa ugomvi wao ni wa watu wawili, lakini mgonjwa ni wa wote. Waweza kumnyima mwenzako salamu za sikukuu, hata hivyo huna ruhusa kumnyima habari za mgonjwa.

Hapa yanipasa kusema ukweli, nisije nikawadanganya. Ushirikiano haufanyi watu wawili kuwa kumi. Wauguzi wakiwa wachache na vitanda vikijaa, uchovu utakuja, na mtu aliyechoka husema maneno ambayo asingeyasema asubuhi. Wakubwa wa serikali na wa misheni wasitake umoja uzibe mahali pa watu waliopungua. Lakini nasema hivi: pale walipo wachache, ndipo kunyamaziana kunapoumiza zaidi, kwa maana hapana mwingine wa kuliokota neno lililoanguka.

Sasa narudi kwenu, wanavijiji na wanafunzi, kwa maana naliwaambia mngoje.

Ninyi mlio na wagonjwa hospitalini, msiwagombanishe wauguzi. Msiseme kwa yule wa asubuhi, "Mwenzako wa usiku hajui kitu." Mkiona jambo la hatari, semeni wazi, na mkiwa hamkusikiwa, semeni tena kwa mwingine. Yule mama mfagizi hakuwa na cheti cha uuguzi, lakini alikuwa na macho na sauti.

Nanyi wanafunzi, sikilizeni. Wauguzi wa kesho wameketi leo darasani, juu ya madawati yenu. Nimefundisha miaka mingi, nami nimeona jambo hili mara nyingi: mtoto mmoja ainua mkono, auliza swali, na darasa zima lacheka. Mtoto huyo hushusha mkono, na pengine hauinui tena mwaka mzima. Zamani nalidhani ni kicheko tu. Tangu usiku ule nimejua ya kuwa kicheko hicho hukua pamoja na watoto, huvaa nguo nyeupe, huingia wodini. Mimi mwenyewe nalicheka jioni ile, na kicheko changu kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyouzuia mkono wa msichana yule usibishe mlango. Siku hizi katika darasa langu mwenye kuuliza hushukuriwa kwanza, ndipo hujibiwa. Wanafunzi wangu watakuwa walimu, nami nawaagiza wafanye vivyo hivyo huko waendako.

Na yule msichana? Hakuiacha kazi. Mkubwa wake alimwita siku ya pili, akamwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka, na tangu hapo, kila zamu ilipoanza, mama yule alimwuliza kwanza aliye mdogo kuliko wote, "Umeona nini?" Ndipo akasema yeye. Sasa msichana huyo naye ni mkubwa wa zamu, nao walio chini yake huulizwa vivyo hivyo.

Dada yangu amepona, na mtoto wake yumo darasa la pili. Jioni nikikaa nje ya nyumba yangu huwaona wavuvi wakisukuma vyombo vyao majini. Katika kila chombo yumo kijana mmoja mwenye kopo. Namwombea nahodha wake awe mtu asikiaye.